Hati inasema mita za mraba 1,200, tepu inasema 1,140: mpaka uko wapi?

Swali: Nimenunua kiwanja kilichopimwa miaka mingi nyuma. Hati inaonyesha upana wa mita 30 na urefu wa mita 40, yaani mita za mraba 1,200. Nilipopima kwa tepu pamoja na fundi, mbele na nyuma tulipata mita 28.5, ubavuni mita 40. Upande wa kushoto bikoni zote mbili zinaonekana. Upande wa kulia hakuna bikoni, upo ukuta wa jirani tu, naye anasema aliujenga ndani ya eneo lake. Simu yangu inaonyesha ukuta umeingia kwangu mita 3. Nataka kuanza msingi mwezi ujao. Je, kuna haja ya kumlipa mpima ardhi kwa kiwanja ambacho kilishapimwa?

Jibu: Haja ipo, na kazi hiyo itangulie msingi. Kwa sasa usichimbe upande wa kulia, usimpelekee jirani madai ya mita 3, na usiguse bikoni hata kama imeinama. Katika nchi nyingi kung'oa au kusogeza alama ya mpaka ni kosa la jinai, na bikoni iliyoguswa hupoteza nguvu yake kama ushahidi.

Una vipimo vitatu visivyopatana: vya simu, vya tepu na vya hati. Tuanze na kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kipokezi cha setilaiti kilichomo katika simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5 mahali pa wazi. Karibu na ukuta, mabati au miti hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, nayo huyahesabu kana kwamba yamekuja moja kwa moja. Wewe ulisimama kando ya ukuta. Isitoshe, picha ya angani unayoiona kwenye programu ya ramani nayo inaweza kuwa imekaa kando kwa mita kadhaa. Mita 3 zimo ndani ya kosa hilo, kwa hiyo simu haijathibitisha lolote kuhusu ukuta. Itakufaa kwa jambo moja tu: kukufikisha karibu na mahali pa kuanza kutafuta bikoni iliyofukiwa.

Tepu inastahili kusikilizwa zaidi, na hapa pana jambo ambalo wengi hawaligundui. Makosa ya kawaida ya tepu karibu yote huongeza umbali. Ikilegea katikati, inasoma zaidi. Ikipinda kukwepa kichaka, inasoma zaidi. Ikifuata mteremko, vilevile: ramani ya upimaji huandika umbali wa usawa, kwa hiyo kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mita 30 za ramani zitasomeka 30.15 ukilaza tepu juu ya ardhi. Hata kuzidisha upana kwa urefu huongeza, kwa sababu umbo la pande nne hutoa eneo kamili la hesabu hiyo pale tu kona zote zinapokuwa za nyuzi 90. Vinavyopunguza ni vichache: tepu ya kitambaa iliyovutika kwa uzee, au kukosea mahali sifuri inapoanzia, maana tepu nyingine huhesabu kuanzia ncha ya pete na nyingine kuanzia mstari ulio ndani kidogo. Tepu ya chuma hutanuka kwa joto, lakini ya mita 30 ikipata nyuzi 10 za Selsiasi juu ya joto iliyosanifiwa nalo, hutanuka milimita 3.5 hivi. Mita moja na nusu haiwezi kutoka huko.

Basi upungufu wako huenda ni wa kweli, ila ni upungufu kati ya vitu ulivyovipima, nawe hukupima kutoka bikoni hadi bikoni. Ulipima kutoka bikoni hadi ukuta. Mita 1.5 mara 40 ni mita za mraba 60, sawasawa na zile zilizopotea. Kwa hiyo swali lote limebanwa hapa: bikoni mbili za kulia ziliwekwa wapi? Zikiwa upande wa pili wa ukuta au chini yake, ukuta umeingia kwako. Zikiwa kwenye uso wa ukuta unaoutazama wewe, jirani yuko sahihi na karatasi yako ina kasoro. Na upo uwezekano wa tatu ambao watu huusahau: bikoni za kushoto unazoziona zinaweza kuwa zimesogezwa. Bikoni kuonekana hakumaanishi iko mahali pake.

Kabla mpima hajafika, fanyeni kipimo kimoja zaidi, wewe na fundi: pimeni kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara mbili, tepu ikiwa imekazwa na kushikwa usawa kwa pimamaji, na timazi ikishusha ncha yake juu ya kona. Mstatili wa 30 kwa 40 hutoa mita 50.00 kote kuwili. Ule wa 28.5 kwa 40 hutoa 49.11. Pande nne pekee haziwezi kukuambia umbo la kiwanja. Chukua kiwanja ambacho mbele ni mita 30, nyuma ni 28, na ubavu wa kushoto ni mita 40 zilizosimama wima juu ya mstari wa mbele. Ubavu wa kulia utasoma 40.05. Anayepima mbele na ubavuni tu ataona 30 na 40 na kuridhika, ilhali kona kwa kona ni 50.00 upande mmoja na 48.83 upande wa pili, na eneo limeshuka hadi mita za mraba 1,160.

Hesabu ya eneo hilo si siri ya wapima. Ukiwa na viwianishi vya kona, yaani namba mbili zinazotaja mahali kila kona ilipo, ambavyo wengi huviita kodineti, zunguka kona kwa mpangilio. Zidisha namba ya kwanza ya kila kona kwa namba ya pili ya kona inayofuata, toa zao la namba ya kwanza ya kona inayofuata na namba ya pili ya kona uliyopo, jumlisha yote, kisha gawa kwa 2. Kwa kona (0, 0), (30, 0), (28, 40) na (0, 40) unapata 0, kisha 1,200, kisha 1,120, kisha 0. Jumla ni 2,320, nusu yake 1,160. Fanya hesabu hiyo kwa viwianishi vilivyoandikwa kwenye ramani yako. Ikitofautiana na eneo lililoandikwa kwenye hati kwa zaidi ya mita ya mraba moja au mbili, kuna tarakimu iliyonakiliwa vibaya, na utakuwa umeigundua ukiwa umekaa mezani.

Sasa karatasi yenyewe. Angalia kama namba zake zimekamilika mno. Upimaji halisi wa uwandani huacha mabaki: 30.02, 39.97, 40.01. Ukiona 30.00 na 40.00 pande zote, huenda ulichonacho ni mchoro wa mpango wa viwanja uliotangulia kazi ya uwandani, au hati iliyonakili mchoro huo. Omba katika masjala ya ardhi ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, yenye namba yake, tarehe, saini ya mpima na jedwali la viwianishi. Kama inaruhusiwa, omba pia nakala ya daftari la uwandani, kwa sababu humo ndimo huandikwa aina ya alama iliyowekwa kila kona: chuma ndani ya zege, bomba, msumari kwenye mwamba. Chukua na ramani ya kiwanja cha jirani. Mpaka ni mstari mmoja wenye kumbukumbu mbili, na mara nyingi ramani ya jirani ndiyo inayofumbua fumbo la ramani yako. Kama zote mbili zinaonyesha mstari wa pamoja wenye urefu uleule na uelekeo uleule, unajua tatizo limetokea ardhini. Zikitofautiana, tatizo limezaliwa kwenye kumbukumbu.

Kuna jambo zito ambalo ni afadhali ulijue sasa. Eneo lililoandikwa kwenye hati ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote. Katika nchi zenye mapokeo ya sheria ya Kiingereza, mahakama inayotafuta mpaka huanza na vitu vya asili kama mto au mwamba vilivyotajwa kuwa mpaka, kisha alama za awali zilizowekwa na mpima na zikakutwa mahali pake bila kuguswa, ndipo pembe na umbali, na mwisho kabisa eneo. Mantiki yake ni kwamba walionunua na kuuza walisimama kwenye alama wakaziona; eneo ni hesabu iliyofuata baadaye. Maana yake kwako ni kwamba bikoni mbili za kulia zikipatikana mahali pake pa awali, mita 28.5 kutoka zile za kushoto, kiwanja chako kinaweza kuhukumiwa kuwa ni cha mita 28.5, na madai yako yatamwelekea aliyekuuzia. Jirani hatakuwa na deni lako.

Si kila nchi inafuata mpangilio huo. Singapore, kwa mfano, tangu 2004 hutumia mfumo ambao viwianishi vilivyosajiliwa ndivyo vinavyobeba mpaka. Nako Uingereza mstari unaochorwa kwenye ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa ujumla tu, na nafasi yake kamili hujulikana pale wenye ardhi wanapoomba iamuliwe rasmi. Muulize mpima swali hili mapema: kwa sheria ya hapa, bikoni na viwianishi vikigombana, kipi kinashinda?

Pia usidhani kwamba hati kusajiliwa kumemaliza habari ya vipimo. Mfumo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858 na kuenea katika nchi nyingi, unaipa daftari la ardhi nguvu ya kuthibitisha nani ni mwenye ardhi. Mara nyingi dhamana hiyo haifiki kwenye mita. Jina lako linaweza kuwa salama kabisa huku mstari wako ukiwa na mgogoro.

Kazi utakayomlipa mpima, basi, ni tofauti na kupima upya. Ni kufuata nyayo za mpima wa kwanza mpaka pale alipoweka alama. Anayefika, akawasha mashine, akapigilia vigingi mahali viwianishi vinapoangukia na kuondoka kabla ya saa sita, hajafanya kazi hiyo. Anayeijua huanza kwenye kumbukumbu, kisha hutafuta alama za awali nje ya kiwanja chako: za viwanja vya jirani, za kona za mtaa, za msingi wa upimaji wa eneo zima. Anahitaji walau tatu. Mbili zikikubaliana kwa umbali na uelekeo, ya tatu humhakikishia kwamba hazikukubaliana kwa bahati. Ndipo huingia kiwanjani na kukokotoa mahali bikoni zilizopotea zinapopaswa kuwa, na kuchimba.

Kuchimba hufanywa kwa subira. Huondolewa udongo tabaka kwa tabaka katika duara la nusu mita au zaidi kuzunguka pale hesabu ilipoangukia, kigundua chuma kikipitishwa kwanza. Zege ikiwa imebomolewa juu, mguu wake bado unaweza kuwa chini. Chuma kikiwa kimeoza, huacha tundu na doa la kutu. Hata shimo tupu husomeka: udongo uliorudishiwa huwa na rangi na ulaini tofauti na ule ambao haujawahi kuguswa. Bikoni iliyolala, iliyo juu ya udongo wa kujazia, au yenye zege mpya kuliko tarehe ya ramani, hupokewa kwa mashaka hadi vipimo viithibitishe. Upande wako wa kulia upo uwezekano mkubwa kwamba mtaro wa msingi wa ukuta ndio ulioondoa bikoni. Mitaro ya mabomba, magreda ya barabara, majembe ya trekta na wezi wa vyuma chakavu huondoa zilizobaki.

Kuhusu vyombo, usibabaishwe na uzuri wa mashine. Vipokezi vya setilaiti vya wapima, vinavyofanya kazi viwili kwa pamoja, kimoja kikiwa kimesimama juu ya alama inayojulikana, hutoa usahihi wa sentimita 1 hadi 2 mahali pa wazi. Kando ya ukuta mrefu vinaweza kudanganya kama simu, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, na kibaya ni kwamba skrini huendelea kuonyesha usahihi mzuri. Ndiyo maana kila kona hupimwa mara mbili kwa nyakati zilizoachana, ili setilaiti ziwe zimebadilisha nafasi angani. Karibu na ukuta ni bora ile mashine ya miguu mitatu inayopima pembe na umbali kwa pamoja: ikikosea pembe kwa sekunde 5 (sekunde ya pembe ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), kosa kwa umbali wa mita 100 halifiki milimita 2.5. Mwisho wa kazi mzunguko wa vipimo lazima ufunge, yaani urudi ulikoanzia. Kwa kiwango cha 1 kwa 10,000, mzunguko wa mita 140 kama wako huruhusiwa kosa la sentimita 1.4. Mwombe akuonyeshe namba hiyo.

Kumbukumbu za zamani zina mitego yake, na mingi inatosha kuzaa tofauti kama yako. Vipimo vya futi hugeuzwa ovyo: futi 100 ni mita 30.48, na anayeandika 30 amekata karibu nusu mita. Mnyororo wa wapima uliobuniwa na Edmund Gunter mwaka 1620 una futi 66, yaani mita 20.1168, minyororo miwili ikiandikwa mita 40, sentimita 23 zimetoweka. Uelekeo uliosomwa kwa dira una hatari kubwa zaidi, kwa sababu kaskazini ya sumaku husogea mwaka hadi mwaka. Mtu akiifuata leo pembe ya dira ya miongo iliyopita bila kusahihisha, na sumaku imehama nyuzi 2, mstari wa mita 40 utakwenda kando mita 1.4 kwenye ncha yake.

Viwianishi navyo havina maana bila kutaja mfumo wake wa marejeo, yaani mahali namba hizo zinapoanzia kuhesabiwa. Mifumo ya zamani ya sehemu nyingi za dunia hutofautiana na ule unaotumiwa na GPS kwa mamia ya mita, hivyo kuingiza namba za ramani ya kale kwenye simu kunaweza kukupeleka mtaa mwingine kabisa. Hata mifumo ya kisasa huzeeka: bara la Australia husogea karibu sentimita 7 kwa mwaka, na nchi hiyo ilipohama kutoka mfumo wa 1994 kwenda ule wa 2020, viwianishi vyake vilibadilika kwa takriban mita 1.8 bila uzio wowote kuhama. Ramani isiyotaja mfumo wake irudishwe kwa aliyeichora.

Jirani mshirikishe tangu mwanzo. Mpe taarifa ya maandishi yenye siku na saa ya upimaji, awepo wakati wa kuchimba, na bikoni ikipatikana aione kabla haijafukiwa. Migogoro mingi ya mipaka hukomaa kwa sababu upande mmoja uliamka na kukuta vigingi vipya. Mwambie mpima aonyeshe kwenye ramani uso wa ukuta pande zote mbili, msingi wake na ukingo wa paa kama lipo. Ukuta wa sentimita 20 juu ya msingi wa sentimita 60 huingia sentimita 20 kila upande chini ya ardhi, na ukuta unaweza kuwa halali juu ukawa umevuka chini. Usichelewe pia. Katika nchi nyingi, mtu anayekalia ardhi waziwazi kwa miaka kadhaa, 12 kwa baadhi yake, bila mwenyewe kupinga, anaweza kujipatia haki juu yake. Barua yenye tarehe hukusaidia kuonyesha kwamba hukukubali, lakini mara nyingi haitoshi kusimamisha muda huo. Kwa hilo mwone mwanasheria wa ardhi.

Bikoni zikisharejeshwa, usiondoke bila vitu vitatu: ramani iliyosainiwa, ripoti inayosema kila alama ilikutwa, ilirejeshwa au ni mpya, na nakala iliyowasilishwa katika mamlaka ya upimaji. Ripoti inayosema tu kwamba kona zimeonyeshwa haitamsaidia mpima atakayekuja miaka 30 baadaye. Wewe mwenyewe weka alama shahidi: kila bikoni pima umbali wake hadi vitu vitatu visivyohama, kama kona ya nyumba, nguzo ya zege au mfuniko wa shimo la maji taka, visizidi mita 15, na mistari yake ikatane kwa pembe pana, isiwe chini ya nyuzi 30. Andika kwa sentimita, piga picha yenye tepu ndani yake, na tunza nakala pamoja na hati.

Ikithibitika kwamba ukuta umevuka, mna njia tatu: jirani aubomoe na kuujenga kwenye mstari, akununue kile kipande, au mkubaliane kwa maandishi aendelee kukitumia kwa muda na malipo maalumu. Kununua kunahitaji upimaji wa kugawa kipande hicho, ramani mpya kwa viwanja vyote viwili na marekebisho ya hati zote mbili. Makubaliano ya matumizi nayo yasajiliwe, la sivyo atakayenunua kwa mmoja wenu huenda asibanwe nayo. Msingi wa nyumba yako usubiri hadi moja ya hizo isainiwe, na umbali wake uhesabiwe kutoka bikoni, usihesabiwe kutoka ukutani.